Kikulacho ki Nyufani mwa Ukuta

Nilipokuwa mtoto, katika kijiji kimoja cha nyanda za juu za Ufipa, si mbali na Laela, nilidhani kila mama duniani ana madoa miguuni. Mama yangu alikuwa nayo tangu vifundoni hadi magotini: mengine ya zamani, meusi, mengine mapya, mekundu, yenye ukoko uliokwanguliwa kwa kucha. Katika jioni za baridi ya Juni, tulipoota moto jikoni, aliyakuna huku akitutolea hadithi, wala sisi watoto hatukumwuliza kitu.

Walioulizana ni majirani, na wao wenyewe wakajijibu. Ndugu msomaji, bila shaka umesikia yasemwayo juu ya kwetu. Jina la Sumbawanga hufasiriwa kuwa ni agizo la kutupa uchawi. Wageni husahau kwamba agizo hilo ni la kuukataa, si la kuusifu. Hata hivyo, mwanamke mwenye ngozi iliyochafuka na mimba zisizokaa hakosi kusengenywa. Baada ya kunizaa mimi na mdogo wangu wa kike, mama alipoteza mimba mbili. Kila mara ilianza homa kali, kichwa kikamwuma na viungo vikalegea. Homa ikamwacha siku kadhaa, akarudi kwenye shamba la ulezi, kisha ikamrejea. Mimba ya pili ilipotoka, shangazi yetu mmoja alisema waziwazi kwamba nyumba ile ina mtu.

Shangazi alikosea kidogo tu. Nyumba ilikuwa na mkazi, lakini hakuwa mtu. Alikuwa papasi.

Papasi ni jamaa ya kupe, ila hana gamba gumu mgongoni, wala hagandi mwilini siku nyingi kama kupe wa ng'ombe. Mchana hujificha katika nyufa za ukuta na vumbi la sakafu ya udongo. Usiku hutoka, humnyonya damu aliyelala kwa muda wa kama nusu saa, kisha hurudi alikotoka. Aweza kuishi miaka bila kula. Hivyo kuihama nyumba kwa msimu mmoja hakumwondoi. Huacha vipele vya kuwasha, na katika damu aweza kuacha bakteria wembamba waliojisokota, waitwao borelia. Hao ndio waletao homa ya papasi. Mwili unapowatambua na kuwashinda, wachache hubadili sura na kuanza upya. Ndiyo maana homa huondoka na kurudi. Wanaoumia zaidi ni wajawazito na watoto wachanga.

Jambo hili si geni. Mwaka 1904 Ross na Milne, wakiwa Uganda, waliihusisha homa hii na papasi. Joseph Dutton, daktari Mwingereza aliyeichunguza Kongo pamoja na mwenziwe Todd, aliugua homa hiyohiyo akafariki Kasongo, Februari 1905, akiwa na umri wa miaka 30. Mwaka huohuo Robert Koch, akiwa katika nchi yetu chini ya Wajerumani, alionyesha kwamba papasi jike hurithisha bakteria kwa mayai yake. Basi papasi huzaliwa tayari na deni la mama yake.

Nami niliyajua lini? Naona haya kusema. Nilisoma, nikapata stashahada ya uandishi wa habari, nikahamia Dar es Salaam, nikawa natuma fedha nyumbani kila mwezi. Nilimnunulia mama redio na makochi. Sakafu ilibaki ya udongo.

Kisha mdogo wangu, akiwa na mimba ya miezi sita, alikwenda kwa mama akajifungulie huko. Siku moja akanipigia simu: ana homa. Zahanati moja ilimpima kwa kipimo cha haraka cha malaria, haikuonekana, akapewa vidonge vya maumivu. Baada ya siku chache homa ikaisha. Nyumbani walishukuru Mungu, lakini mimi moyo ulinienda mbio.

Wakati huo nilikuwa nikiandaa makala juu ya ugonjwa wa ngozi unaopatikana Ulaya. Nao huletwa na kupe mwenye borelia wa aina nyingine. Ngozi ya miguu au mikono huwa nyekundu-buluu na kuvimba, na baada ya miaka hunywea ikawa nyembamba kama karatasi ya sigara. Nilidhani nimeuona ugonjwa wa mama. Nilipoendelea kusoma nikafika kwenye homa ya papasi, na pale nikayaona yote: madoa, homa inayorudi, mimba mbili.

Nilimwambia mdogo wangu: homa ikirudi tu, nenda Sumbawanga mjini, omba damu yako itazamwe kwa darubini homa ikiwa bado ingali juu. Ikarudi. Akaenda. Bakteria wakaonekana.

Baada ya dozi ya kwanza alitetemeka na joto likapanda hata mama akalia kwamba mwanawe anauawa. Muuguzi, aliyekwisha kuwaonya, hakubanduka kitandani. Hali hiyo hutokea bakteria wanapokufa kwa wingi. Hubeba jina la daktari wa ngozi Karl Herxheimer wa Frankfurt, ambaye mwaka 1902 alishiriki kuupa jina ule ugonjwa wa ngozi wa Ulaya. Alikuwa Myahudi, mwaka 1942 alifia katika kambi ya Wanazi ya Theresienstadt. Asubuhi homa ilishuka. Mtoto alizaliwa kwa wakati wake, mzima.

Daktari aliitazama miguu ya mama pia. Akasema si ule ugonjwa wa Ulaya; ni makovu ya kuumwa na kujikuna miaka mingi.

Nilipomweleza mama yote, nilitazamia atafurahi kuondolewa lawama ya uchawi. Alinyamaza sana. Kisha akasema, "Nyumba hii marehemu baba yako aliikandika kwa mikono yake. Waniambia ndiyo iliyowaua wanangu?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia tu, "Mama, baba hakujua. Mimi nimejua, nami nimekawia."

Hakukubali kuhama. Tulikubaliana kuitengeneza: sakafu ya saruji, kuta kupigwa plasta zisibaki na ufa, vitanda kusogezwa mbali na ukuta. Fundi alipoanza, mama aliomba mwiko, akauziba mwenyewe ufa uliokuwa karibu na kitanda chake.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Ewe mfanyakazi mwenzangu utumaye fedha kijijini, kabla ya makochi, uliza habari za sakafu.