Uwanja Nyuma ya Nyumba Yetu

Siku ukifika kwetu usipoteze wakati mbele ya nyumba, maana hapo hapana cha ajabu ila mwembe na kuku wa kukhu. Zunguka nyuma. Utaona uwanja wa voliboli, nguzo mbili za mkaratusi na wavu katikati. Uwanja huo tuliutengeneza kwa mikono yetu, na nusura utuletee ugomvi nyumbani.

Kwanza nieleze mahali penyewe ni pa nani. Ni pa kaka yangu mkubwa. Kwetu Kakamega kijana wa kiume hujenga simba yake katika boma la babake, na Baba alikuwa amemtengea kaka sehemu hiyo. Lakini kaka alienda Nakuru kufanya kazi ya uashi, huu sasa ni mwaka wa nne, na pale pakabaki magugu na panya. Mimi ni msichana. Sikutengewa mahali, kwani huambiwa kila siku kwamba nitaolewa niende zangu.

Hamu ya voliboli ilinishika mwaka wa 2024, Malkia Strikers walipocheza katika Olimpiki za Paris. Tulitazama kwa jirani. Walifungwa na Brazil, Poland na Japan, seti tatu kwa bila kila mara, na wanaume waliojaa pale sebuleni wakacheka. Mimi sikucheka. Niliona wasichana wa Kenya wakiruka mbele ya dunia nzima. Shuleni niliingia timu, lakini sisi wanafunzi wa kutwa tuna taabu zetu. Mazoezi huanza saa kumi jioni na safari yangu ya miguu ni saa moja. Mama hataki nitembee gizani. Basi nikawa mchezaji wa akiba, kazi yangu kushika sweta za wenzangu.

Jioni moja nilijipa moyo. "Baba, naomba mahali pa kaka nitengeneze uwanja."

Baba alinyamaza, akanywa chai. Aliyejibu ni kukhu. "Ati nini? Uwanja wa msichana kwenye kiwanja cha mwanamume? Na akija na bibi yake, watalala kwenye wavu?"

Wote walicheka. Mimi machozi yalinilengalenga. Baba akaweka kikombe chini, akasema, "Mpaka atakaporudi. Akirudi unang'oa nguzo zako, na sitaki kusikia neno."

Lo! Likizo ya Aprili ilipofika, mimi na mdogo wangu tuliamka na jembe. Uwanja wa voliboli una urefu wa mita 18 na upana wa mita 9, na ni vizuri kuacha mita 3 kila upande za kukimbilia mpira. Kwa bahati mahali pale palitosha, ila palikuwa na mteremko. Tulichimba upande wa juu, udongo tukaumwaga chini kwa toroli. Viganja vilitoka malengelenge hata nikashindwa kusonga ugali.

Tulifanya kosa moja kubwa. Ule udongo wa upande wa chini hatukuushindilia. Mvua ya wiki moja ikanyesha, na tulipoamka, kona nzima ilikuwa imetitia kama kitanda kibovu. Mdogo wangu alitupa jembe akasema yeye hachezi tena. Ni Baba aliyetuokoa, yeye ambaye tulidhani hajali. Alituonyesha kujaza kidogo kidogo, kumwagia maji na kutwanga kwa gogo kabla ya kuongeza udongo mwingine. Juu tukapaka udongo wa kichuguu, ambao ukikauka huwa mgumu kama sakafu. Tuliacha mteremko mdogo sana ili maji yasituame.

Nguzo tulizifukia futi tatu, tukazipaka oili chafu ya gari kwa sababu ya mchwa. Wavu niliusuka mwenyewe kwa kamba za nailoni, usiku, baada ya kuosha vyombo. Nikaufunga mita 2 na sentimita 24 kutoka chini, kimo cha wanawake. Mistari ya majivu ilifutwa na mvua mara mbili, basi tukatandika kamba na kuipigilia kwa misumari. Kufikia muhula wa pili wasichana wa kijijini walikuwa wakija kila jioni, na mwalimu wa michezo akaniuliza ninafanyia mazoezi wapi. Niliingia katika kikosi. Sweta yangu sasa inashikwa na mwingine.

Ikafika Desemba. Kaka akarudi.

Alifika jioni, akasalimia, akaenda moja kwa moja nyuma ya nyumba. Nilimfuata moyo ukinidunda. Alitazama kimya, kisha akatoa tepe na uzi wa uashi mfukoni. Nikajua uwanja umekwisha. Lakini alipima kutoka pembe moja hadi ile ya mkabala, akapima na pembe zile nyingine mbili.

"Dada, uwanja wako umepinda," akasema. "Hizi mbili zinafaa kulingana, mita 20 na sentimita 12. Mlipima kona namna gani?"

"Kwa macho," nikasema.

Alicheka hadi kukhu akatoka nje. Kisha akanifundisha wanavyopima msingi wa nyumba: mita 3 upande huu, 4 upande ule, na kati ya ncha hizo mbili lazima iwe 5 kamili. Ni hesabu ileile ya Pythagoras tuliyosoma darasani, nami sikujua ina kazi duniani! Tulizing'oa kamba zote, tukazipigilia upya mpaka giza likaingia.

Kesho yake alipima tena, safari hii kwa ajili yake. Alipigilia vigingi vinne vya simba nyuma ya mstari wa upande wa juu, akala zile mita za kuanzishia mpira. Hakuniomba ruhusa, nami sikusema neno, kama nilivyoahidi. Baba naye alitazama tu. Siku ya tatu kaka akarudi Nakuru, akasema atajenga Agosti.

Vigingi vingali pale. Tukianzisha mpira kutoka upande ule tunasimama katikati ya simba, mahali ambapo kaka alisema patakuwa mlango, na kigingi kimoja kukhu amekifunga mbuzi wake.