Mkono, Mashine na Kalibu ya Mchanga

Ujuzi hauzeeki, walinena wahenga. Anayezeeka ni mwenye ujuzi. Mjomba mmoja, fundi wa kusubu alumini katika karakana ya jua kali mashariki mwa jiji la Nairobi, aliukumbuka ukweli huo kila asubuhi alipojaribu kuinuka kitandani. Mikono yake ilikuwa ingali na wepesi wa ujanani, lakini mgongo ulikuwa umeanza kumgomea. Kwa zaidi ya miaka ishirini alikuwa ameinama juu ya masanduku ya mchanga, na kutokana na mchanga huo alikuwa ameilisha nyumba yake na kumsomesha mpwa wake, mwana wa dadake, hadi chuo kikuu, ambako kijana alikuwa akisomea uhandisi wa mitambo.

Mjomba alisubu puli: zile gurudumu za alumini zinazovaa mikanda na kuendesha vinu vya kusaga mahindi na mashine za kukatia majani ya ng'ombe. Malighafi yake ilikuwa pistoni kuukuu na vipande vya injini zilizokufa. Alumini huyeyuka katika nyuzijoto 660 za Selsiasi, na tanuri la makaa lenye kipepeo kizuri hufika hapo bila taabu kubwa. Kwa hivyo kuyeyusha si kazi ya kumtoa mtu jasho la akili. Kazi ni kalibu.

Mchanga wa kalibu huitwa mbichi, si kwa rangi yake, bali kwa kuwa una unyevu. Ni mchanga wa silika uliochanganywa na udongo wa kunata, aghalabu kati ya asilimia 5 na 10, na maji asilimia 2 hadi 5. Ukiufumbata kiganjani hushikamana na kubaki na alama za vidole. Ukiuvunja, huvunjika vipande viwili pasi na kumomonyoka. Kielelezo cha mbao huwekwa ndani ya sanduku lisilo na kitako, mchanga hutiwa juu yake na kushindiliwa. Sanduku hupinduliwa, la pili huwekwa juu yake, nalo hutiwa mchanga na kushindiliwa vivyo hivyo. Kisha masanduku hutenganishwa, kielelezo huopolewa, na masanduku hurudishwa pamoja. Pengo linaloachwa na kielelezo ndilo litakalojazwa madini.

Kielelezo chenyewe kina hila zake. Hakitengenezwi sawasawa na puli inayotakiwa, maana alumini hunywea takriban asilimia 1.3 inapoganda na kupoa. Puli ya kipenyo cha milimita 200 huhitaji kielelezo kilichozidi kwa milimita mbili na nusu hivi, mbali na nyama inayoachwa kwa ajili ya mashine ya kereza. Aidha, mbavu zake huinamishwa kwa digrii moja hadi tatu ili kitoke bila kuvunja kuta za mchanga.

Lakini la kutisha zaidi ni kushindilia. Mchanga uliolegea huporomoka sanduku linapopinduliwa, au husukumwa na uzito wa madini, na puli ikatoka imevimba kama shavu la mwenye jino bovu. Mchanga ulioshindiliwa kupita kiasi nao una balaa yake. Maji yanapogeuka kuwa mvuke hupanuka takriban mara 1,600, na mvuke huo lazima upate njia katikati ya chembe za mchanga. Ukiikosa njia, huingia katika madini na kuacha matundu. Fundi hulazimika kuupata ugumu wa katikati, tena si mara moja tu bali katika kila sanduku, asubuhi akiwa na nguvu na alasiri akiwa hoi. Hapo ndipo mgongo wa mjomba ulipopotelea.

Ulipowadia mwaka wa mwisho wa masomo, mpwa alitakiwa kubuni na kuunda mtambo wowote wenye manufaa. Hakuwa na haja ya kuwaza sana. Aliazimia kumwundia mjomba wake mashine ya kushindilia kalibu. Katika maktaba alisoma habari za Vagn Aage Jeppesen, mhadhiri wa Denmark, aliyeomba hataza mwaka wa 1957 kwa mashine isiyotumia masanduku kabisa. Katika mashine hiyo mchanga hupulizwa ndani ya chumba kilicho kati ya vibao viwili vya vielelezo, hukandamizwa, kisha bonge hilo husukumwa nje likaegemee lililotangulia. Kila bonge lina nusu ya umbo mbele na nusu nyingine nyuma, hivi kwamba safu nzima hujitengenezea kalibu kati ya bonge na bonge. Mashine za awali za aina hiyo ziliweza kutoa takriban kalibu 240 kwa saa. Kijana alilala akiota mabonge yale yakipita mbele ya karakana ya mjomba kama mabehewa ya garimoshi.

Hata hivyo, mfuko haukuwa na ndoto za namna hiyo. Mjomba alimpa akiba aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya kubadilisha mabati ya nyumba yake, naye kijana akanunua vyuma na kuazima kompresa ya kupakia rangi. Mashine aliyoiunda ilikuwa ya kutikisa: meza nzito juu ya silinda ya hewa. Hewa iliyobanwa huiinua meza sentimita chache, pamoja na sanduku na mchanga wake, kisha hewa huachiliwa na meza ikaanguka kwa kishindo juu ya fuawe. Mashine za namna hiyo zimetumika viwandani tangu zamani, na kijana hakuwa amekosea kuchagua jambo lililokwisha kujaribiwa.

Siku ya majaribio mafundi wa karakana za jirani walijaa. Vibarua wawili wa mjomba walisimama kando, mikono kifuani, wakiitazama mashine kwa macho ya mtu anayeonyeshwa atakayerithi kitanda chake. Kompresa ilinguruma, meza ikapiga mara thelathini, ardhi ikatetemeka. Mpwa akalishika sanduku na kulipindua. Nusu ya mchanga ikamwagika miguuni pake.

Hakukata tamaa. Alitia mchanga upya na kupiga mara sitini. Safari hii alilipindua sanduku kwa hadhari mno, mchanga ukashika kwa tabu, madini yakamiminwa. Puli ilipofukuliwa, uso wake ulikuwa na matundu kama mkate wa mofa. Watu walitawanyika kwa adabu, ambayo humuumiza mtu kuliko kicheko.

Jioni ile mjomba hakumlaumu. Aliketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, akamwambia: "Mwanangu, hebu nieleze mashine yako inafanya nini. Lakini usinieleze kwa Kiingereza. Kiingereza umekisema tangu asubuhi."

Kijana alifungua kinywa na kukosa pa kuanzia. Kila kitu alichokijua kuhusu mashine ile alikuwa amekijua kwa maneno ya vitabuni, na maneno hayo yalikuwa yamefungamana kama nyavu zisizotegwa. Ilimbidi atafute moja baada ya jingine. Lugha haikuwa tupu kama alivyodhani. Kalibu lilikuwapo. Kusubu lilikuwapo, tena likitenganishwa wazi na kufua, kwa kuwa afuaye hulipiga dini hali ni gumu na asubuye hulimimina likiwa maji. Fuawe, wenzo, msuguano, kushindilia, yote yalikuwapo yakisubiri mwenye kuyaita.

"Meza inapanda pamoja na mchanga, mjomba," alianza polepole. "Kisha inaanguka. Inapofika kwenye fuawe inasimama ghafla, lakini mchanga ungali unataka kushuka. Kwa hiyo unajibana wenyewe kwa wenyewe."

"Ulio chini unabanwa na nani?"

"Unabanwa na wote ulio juu yake."

"Na ulio juu kabisa?"

Kijana alinyamaza. Ulio juu kabisa haukuwa na kitu cha kuubana. Hata ungepigwa mara mia, tabaka la juu lingebaki limelegea, ilhali ule unaogusa kielelezo ungezidi kuwa mgumu hadi mvuke ukose pa kupitia. Makosa mawili ya siku ile, lile la mchanga kumwagika na lile la matundu, yalikuwa kosa moja. Alikuwa amelisoma jambo hilo kitabuni katika sentensi mbili na kuliruka.

Mjomba aliinuka, akachukua kishindilio chake cha mti. Kilikuwa na ncha mbili: moja nyembamba kama kabari, nyingine bapa kama kiganja. Alitia mchanga sandukuni, akapita kando kando na kukizunguka kielelezo kwa ncha nyembamba. Akajaza tena, akakigeuza kishindilio, na kumalizia juu kwa ncha bapa. Mpwa alikuwa ameyaona hayo tangu utotoni, lakini hakuwahi kuyatazama. Mkono ulikuwa na miendo miwili. Mashine yake ilikuwa na mmoja.

Waama, ndivyo viwanda vilivyotatua jambo hilo. Kukandamiza kutoka juu kuna udhaifu wa kinyume: mchanga wa juu huwa mgumu, lakini msuguano wa kuta za sanduku huimeza nguvu kabla haijafika chini. Kutikisa hukaza chini, kukandamiza hukaza juu, na ndiyo sababu mashine nyingi huunganisha yote mawili.

Mashine ya pili haikuwa na kompresa. Meza iliinuliwa kwa wenzo wa kukanyaga na kuachiwa ianguke. Kwa kukandamiza, kijana alitumia jeki ya lori ya tani 10. Sanduku la mjomba lilikuwa na sentimita 30 kwa 40, yaani eneo la sentimita mraba 1,200. Kwa shinikizo la kilo 2 kwa kila sentimita mraba, jeki ilitakiwa kusukuma uzito wa kilo 2,400. Jeki ingeuweza uzito huo kwa urahisi. Swali lilikuwa fremu, kwani kila jeki inachosukuma chini, boriti ya juu hukipokea kwa kusukumwa juu kwa nguvu iyo hiyo. Boriti ya kwanza ilipinda. Ya pili, ya chuma kinene kilichochomelewa pande zote, ilivumilia. Vijiti vya kuelekeza viliwekwa kwenye pembe ili kielelezo kitoke wima bila kuyumba, maana mkono ukitetemeka kidogo tu ukuta wa mchanga huanguka.

Shauri la mwisho lilitoka kwa mjomba. Aliona kwamba mchanga ulio juu ya kielelezo ni mwembamba kuliko ulio kando yake. Ubao bapa ukishuka, ule mwembamba utabanwa kupita kiasi na ule wa kando utabaki laini. "Uchonge ubao," alisema. "Mahali penye kielelezo pawe na shimo kidogo, kandoni pajitokeze." Viwanda vikubwa hulifanya jambo hilo kwa pistoni nyingi ndogo, kila moja ikishuka kwa kadiri yake. Mjomba hakuwahi kuziona pistoni hizo.

Siku ya majaribio ya pili hapakuwa na watazamaji. Sanduku lilipopinduliwa, mchanga ulitulia. Mjomba aliubonyeza kwa kidole gumba juu, kando na chini, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Puli ilitoka safi.

Haikuwa miujiza. Fundi hodari angeweza kuishinda mashine ile kwa kasi hadi saa sita mchana. Tofauti ilionekana alasiri, kwa kuwa sanduku la ishirini lilikuwa sawa na la kwanza, na mjomba aliyashindilia yote akiwa amesimama wima. Wale vibarua nao hawakufukuzwa, ila kazi yao ilibadilika: mmoja akawa wa jeki na wenzo, mwingine akahamia kwenye kuchekecha mchanga na kulisha tanuri, ambalo sasa ndilo lililobaki nyuma. Huyo wa tanuri aliuliza, nusu utani, kama mpwa amepanga kuunda mashine ya tanuri pia. Mjomba alicheka, mpwa hakucheka. Swali lile lilimfuata hadi chuoni, na katika ripoti yake hakupata sura ya kuliweka.

Ripoti yenyewe iliandikwa kwa Kiingereza, kama ilivyotakiwa. Lakini kabla ya kurudi chuoni kijana alibandika kwenye nguzo ya mashine karatasi ya Kiswahili yenye maagizo: weka kielelezo, tia mchanga, piga meza mara kumi, jaza, kandamiza, opoa. Aliporudi wakati wa likizo alikuta karatasi imekuwa nyeusi kwa moshi na alama za vidole. Neno moja lilikuwa limepigwa mstari kwa kalamu ya useremala. Palipoandikwa "mara kumi", mwandiko mzito wa mjomba ulisema: "mpaka mchanga uache kushuka."

Mpwa aliusoma mara mbili. Kisha akatoa daftari lake na kunakili.