Wavu wa kuchomea: kutu, mafuta na hewa ya chumvi

Haya wasomaji, leo naweka kando PHP na MySQL. Nataka tuongee juu ya kifaa ambacho wengi wetu hatukiiti teknolojia: wavu wa kuchomea nyama. Msinicheke. Shangazi yangu anauza mishikaki na samaki wa kuchoma huko Likoni, kuanzia jioni mpaka usiku, na karo ya watoto wake inapita juu ya wavu huo. Ukiharibika, biashara inasimama.

Na pwani huharibika haraka. Sisi wa Likoni, Kisauni na Changamwe tunajua upepo wa bahari unavyokula mabati, baiskeli, hata kompyuta. Chumvi huvuta unyevu wa hewani, na maji yenye chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko maji matupu. Kutu yenyewe ni kazi ya umeme mdogo kati ya chuma, maji na oksijeni. Ongeza chumvi ya nyama, ndimu na ukwaju, uone kama wavu utamaliza mwaka.

Mwaka huu fundi mmoja alimletea shangazi wavu mpya, mwembamba, unang'aa, bei ya chini. Nikauliza umepakwa nini. Zinki, kama mabati ya nyumba. Hapo ndipo tulipobishana. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 420 hivi za Selsiasi, na makaa yakipepewa sana hupita hapo. Moto ukizidi, hutoa moshi mweupe. Mafundi wa kulehemu wanaufahamu: ukiuvuta, baada ya saa kadhaa unashikwa na homa na baridi, ukadhani ni malaria. Na anayeliinamia jiko kila siku na kipepeo mkononi si mteja, ni shangazi.

"Mwanangu, wewe kazi yako kompyuta," aliniambia. "Huu nimepunguziwa."

Nikamjibu kwa methali anayoipenda mwenyewe: rahisi inavunja upishi. Alinyamaza kidogo, kisha akamrudishia fundi wavu wake. Fundi mwingine, wa Changamwe, akatuungia wavu wa nondo tupu, usio na rangi wala zinki. Ni mzito, lakini chuma kinene hushika joto vizuri.

Sasa kwa wale mnaopenda hatua kwa hatua, wavu mpya wa chuma huandaliwa hivi:

1. Sugua kutu yote kwa msasa, osha kwa sabuni, kisha ukaushe juu ya moto.
2. Paka mafuta kwa kitambaa, halafu uyafute mpaka uone kama hayapo. Yakiwa mengi yatanata.
3. Weka juu ya makaa makali mpaka moshi uishe. Acha upoe. Rudia mara 3 au 4.

Kinachotokea ni kwamba mafuta hayakauki kama maji. Kwa joto, molekuli zake hukutana na oksijeni na kushikana zenyewe kwa zenyewe, zikawa polima: tabaka gumu, jeusi, linalozuia maji yasifike kwenye chuma. Ndiyo maana aina ya mafuta ni muhimu. Sisi wa pwani mkono huenda kwenye nazi. Lakini kuna kipimo kiitwacho namba ya iodini, kinachoonyesha mafuta yana nafasi ngapi za kushikana. Ya nazi ni kama 10, ya alizeti ni kama 130. Nazi iacheni kwenye wali na samaki wa kupaka. Kwa wavu, tumieni alizeti au mahindi.

Kusafisha ni kila siku, wavu ungali moto. Chomeka nusu ya kitunguu kwenye uma mrefu, usugue nacho. Brashi ya waya nimemkataza. Nyaya zake hukatika, zikanasa kwenye nyama. Marekani watafiti walikadiria kuwa kati ya 2002 na 2014 watu zaidi ya 1,600 walikimbizwa hospitali kwa sababu hiyo. Ukwaju nao uwekwe kwenye sahani, si juu ya wavu, kwa sababu asidi hula lile tabaka. Mwisho paka mafuta kidogo, ingiza wavu ndani. Usilale nje na hewa ya bahari.

Sisi waandishi wa programu tuna tabia ya kufuta kila kitu na kuanza upya kazi ikituchosha. Shangazi hana nafasi hiyo. Yeye anatoa dakika 5 kila usiku, amechoka, miguu inauma, na kesho wavu uko tayari. Mimi naona huo ndio uhandisi.

Kwa leo naishia hapo. Kama kwenu mna mbinu nyingine, niandikieni hapo chini nimpelekee. Wiki ijayo tunarudi kwenye MySQL.