Pima Mzigo Kwanza, Injini Baadaye

Leo si siasa na si mpira. Leo ni gari, tena gari ya kazi, si ya kuonyeshana. Swali ambalo limekaa mezani kwetu miezi mitatu ni hili: tununue pikapu ya kawaida ya petroli, ama tuchukue gari ya mzigo ya haibridi?

Msimamo wangu nauweka hapa juu ndio usisome ukinitafuta. Kwa biashara ndogo kama yetu hapa Huruma, haibridi inaweza kuishinda pikapu. Lakini si kwa ile sababu kila mtu anatoa, na kuna watu ambao nitawaambia waikimbie kabisa.

Kwanza ujue pesa ni ya nani. Mathe anauza mboga. Mwenzake mmoja anauza viazi, mwingine nyanya. Wamekuwa kwa chama kimoja miaka sita, na kila alfajiri wanalipa pikapu ya mtu iwatolee mzigo Marikiti. Mwenye pikapu akiamka na homa, wao wanangoja. Akipata mteja mkubwa, wanangoja pia. Sasa wameamua watoe akiba, waongeze mkopo kidogo, wawe na gari yao. Hiyo ni pesa ya karo na ya nyumba ya wanawake watatu. Gari ikikuwa mbaya, hakuna pesa ingine imefichwa mahali.

Na hapo ndipo washauri walitokea. Broda yangu mkubwa anataka pikapu. Jirani anataka pikapu. Fundi anataka pikapu. Ukiuliza kwa nini, unaambiwa "pikapu ni gari." Haibridi nayo, wanasema, ni ya watu wa Uber, betri ikikufa umelia.

Sawa. Tuanze na pikapu yenyewe. Mbona pikapu nzuri ya mtumba ni ghali hivi? Gari zetu nyingi za mitumba zinatoka Japani, na Japani kwenyewe pikapu si gari ya kila mtu. Toyota iliacha kuuza Hilux huko mwaka wa 2004 na haikuirudisha hadi 2017. Kwa hivyo pikapu nyingi unazoona ziliuzwa hapa zikiwa mpya. Isuzu D-Max, kwa mfano, inaunganishwa papa hapa Nairobi. Mpya inataka mamilioni. Ile ya bei ya chama chetu imeshabeba mawe, mchanga na ng'ombe, na imepita mikono mitano kabla ifike kwako.

Hiyo ndiyo sababu Probox ikawa pikapu ya mtu wa kawaida Kenya. Ilitoka 2002 kama gari ya ofisi za Japani, ya kupeleka karatasi na vipuri. Sisi tukaipa miraa, mboga, maziwa, abiria na wakati mwingine mbuzi. Sasa mwishoni mwa 2018 Toyota ikatoa Probox ya haibridi. Kenya hairuhusu gari ya mtumba iliyozidi miaka minane, kwa hivyo hizo za haibridi ndizo zinaingia umri wa kuletwa hapa sasa. Kwa pesa ileile ya pikapu mzee, unapata Probox ya haibridi ambayo bado ni kijana. Hilo ndilo chaguo letu la kweli. Zile pikapu za haibridi za ng'ambo, kama Ford Maverick ya Marekani iliyotoka 2021, kwetu ni za kuangalia kwa simu tu.

Haibridi inafanya kazi aje? Nimesikia watu wakiuliza utaichomeka wapi na stima ya Huruma ndio hii. Haichomekwi popote. Ina injini ya petroli, mota ya stima na betri kubwa. Ukikanyaga breki, mota inageuka jenereta na kurudisha nguvu kwa betri. Ukianza kusonga polepole, mota inasukuma gari injini ikiwa imezima. Ndio maana haibridi inapenda jam. Kwa jam, pikapu inachoma mafuta ikiwa imesimama, haibridi imenyamaza tu. Lakini ukiitoa barabara kuu, mwendo wa 100 bila kusimama, ile faida inapungua sana, kwa sababu hapo injini ndiyo inafanya kazi karibu yote.

Sasa wengi wakifika hapo wanaanza kupiga hesabu ya mafuta. Mimi nasema bado. Kuna kitu kinatangulia injini, nacho ni mzigo.

Tulifanya kitu kimoja rahisi. Kwa wiki mbili, kila asubuhi, tuliandika kila kitu kilichotoka Marikiti. Gunia la viazi ni rahisi, sheria ya 2019 inasema lisizidi kilo 50. Nyanya tulipima kreti. Sukuma na kabeji tulipima kwa mizani ya jirani. Nilikuwa nimezoea kusikia "tunabeba tani." Karatasi ilisema kitu kingine. Siku nne kwa wiki, mzigo wa hawa mama watatu ukiunganishwa haukufika kilo 400. Ni Jumanne na Ijumaa pekee, siku za kujaza stoo na za oda za hoteli, ndipo ulipanda hadi kilo 700 hivi.

Hiyo 400 nimeitaja kwa sababu. Probox ya kawaida ikiwa na watu wawili mbele, Wajapani waliiandikia kilo 400. Najua umeiona na kilo 800 ikipanda mlima, nyuma imekaa chini kama mtu amechoka. Inabeba, ndiyo. Lakini springi, tairi na breki zinalipa, na siku moja mtu kwa barabara analipa.

Kwa hivyo pikapu ya tani moja ingekuwa inatembea nusu tupu siku nne kati ya sita. Tungekuwa tunalisha gari kubwa kila siku kwa sababu ya siku mbili.

Sasa ndio tupige hesabu. Haya ni makadirio yangu, nimeuliza madereva na nimekaa nao ndani ya gari, ya kwako yatakuwa tofauti. Huruma hadi Marikiti, kwenda na kurudi, haizidi kilomita 20. Ongeza kilomita 30 za kusambaza mchana, Kariobangi, Eastleigh, Mathare North. Jumla 50 kwa siku. Pikapu mzee ya petroli kwa jam inaenda kilomita 8 kwa lita, kwa hivyo inakunywa lita 6 na robo. Probox ya kawaida, lita 4. Ya haibridi, lita 2 na nusu.

Weka petroli shilingi 180. Pikapu ni 1,125 kwa siku, haibridi ni 450. Tofauti ni 675, na kwa siku 26 za kazi hiyo ni 17,550. Hapo ndipo watu wa haibridi wanaruka juu. Ngoja. Zile siku mbili nzito bado tunakodisha pikapu ibebe mzigo uliobaki. Ukiweka 1,200 kila mara, mara nane kwa mwezi, ni 9,600. Kinachobaki ni 7,950.

Umeona? Si ile elfu kumi na saba. Ni karibu elfu nane. Ni pesa, lakini si muujiza. Yeyote anayekuambia haibridi itakutajirisha hajapima mzigo wako.

Ila kuna jambo la pili. Kila tarehe 14 EPRA inatangaza bei ya mafuta, na sisi tunakaa tukingoja kama matokeo ya mtihani. Oktoba 2023 petroli ilifika 217.36 hapa Nairobi. Mathe hakuweza kupandisha sukuma kwa sababu hiyo, mteja wa Huruma anakuja na shilingi ishirini yake na anajua ataondoka na nini. Gari inayokunywa lita 6 inakuumiza zaidi ya mara mbili ya ile inayokunywa mbili na nusu, kila bei inapopanda. Kwangu mimi hiyo ndiyo faida kubwa ya haibridi, kwamba mwezi mbaya hautuzamishi.

Twende kwa betri, kwa sababu ndiyo inatisha watu, na ni haki itishe. Tuseme inakufa na kutumeza laki moja na nusu. Ile 7,950 ukiiweka kando kila mwezi bila kuigusa, miezi 19 umefikisha. Usipoiweka, utalia, na makosa hayatakuwa ya betri. Halafu betri nyingi hazifi zote mara moja. Ile ya Toyota Aqua ina vipande 20, na fundi anayejua kazi anaweza kupima kimoja kimoja na kubadilisha kilichooza. Kinachoua betri mapema ni joto. Katika haibridi nyingi ndogo za Toyota kuna tundu la hewa karibu na kiti cha nyuma, ndilo linapooza betri. Sasa fikiria vumbi la magunia ya viazi na majani ya sukuma yakiziba hapo kila siku. Gari ya Uber haina shida hiyo, sisi tunayo. Kusafisha hapo ni kazi ya dakika kumi kwa wiki, na lazima iwe na mwenyewe.

Upande ule mwingine hausemwi sana. Haibridi ya Toyota haina klachi ya kuungua, haina stata wala altaneta ya kawaida, na breki zake hudumu kwa sababu mota inasaidia kusimamisha gari. Muulize mwenye pikapu mzee ametumia ngapi mwaka huu kwa klachi peke yake.

Na fundi? Hapa tuna bahati ya mtaa. Kariobangi Light Industries iko pale tu, Grogan si mbali. Miaka kumi iliyopita ungepata fundi akikuogopea zile nyaya za rangi ya machungwa. Leo madereva wa Uber na haibridi zao wamelipia masomo ya mafundi wengi. Lakini wewe mpe gari yule aliye na mashine ya kusoma betri. Anayetaka kuifungua kwanza ndio aone, mwache.

Kuna kitu kiliniudhi katika haya yote. Tulipoenda yadi na kwa mafundi, kila mtu alikuwa anaongea na mimi. "Kijana, chukua pikapu, hutajuta." Wenye pesa watatu wamesimama kando yangu na vitambaa vyao kichwani, hakuna anayewauliza chochote. Na swali bora zaidi lilitoka kwa Mama wa Viazi. Alisikiliza mambo ya mota na betri hadi mwisho, kisha akauliza, "Ikilala Jumanne, mimi nabeba viazi na nini?"

Hakuna fundi alikuwa na jibu. Sisi tulilipata kwa hesabu. Ukinunua pikapu, yule jamaa wa kukodisha unamwacha, na siku pikapu ikilala huna mtu. Ukinunua haibridi na kuendelea kumlipa siku mbili kwa wiki, bado ni mtu wako. Siku gari ikilala, unampigia na anakuja. Ile 9,600 si hasara tupu, ndani yake kuna bima.

Nani achukue pikapu basi? Kama unafuata viazi Nyandarua ama kitunguu Loitoktok mwenyewe, chukua pikapu. Kama unabeba saruji, vyuma ama maji, chukua pikapu. Kama karatasi yako ya wiki mbili inasema kilo 700 kila siku, usidanganywe na mtu. Na kama mzigo wako ni mdogo lakini uko barabara kuu kila siku, Probox ya kawaida inatosha, hutaona ile faida ya jam na utakuwa umelipia betri bure.

Wale mama waliketi Jumapili baada ya kanisa wakaamua: haibridi. Na masharti waliyaandika kwa kitabu cha chama. Mzigo usipite kilo 400, hata dereva akisema inabeba. Elfu nane ya betri iingie kabla ya mtu yeyote kugawana faida. Tundu la hewa lisafishwe kila Jumamosi. Gari ipimwe betri kwa mashine kabla hata shilingi moja kutoka, na muuzaji akikataa, tunaondoka.

Broda yangu bado ananuna, na ndiye atakuwa dereva. Anasema watu watamcheka. Nimemwambia wacheke tu, mafuta yao wananunua wenyewe.

Wewe ukiwa unafikiria gari ya kazi, fanya jambo moja kabla ya kuuliza mtu yeyote: azima mizani, chukua kalamu, andika wiki mbili. Ukimaliza, utakuwa unajua mzigo wako kuliko fundi yeyote atakayekushauri.