Nani Amekataa?

Nimefanya kazi ya uhasibu kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na tangu ujana nilifundishwa kwamba saini si pambo. Anayetia saini amesema: nimeona, nimeelewa, na nikiulizwa nitajibu. Nilidhani somo hilo limeniingia. Kumbe bado.

Baada ya kustaafu nilichaguliwa kuwa mjumbe wa kamati ya mikopo katika chama kimoja cha akiba na mikopo. Tukaletewa programu ya akili mnemba, inayosoma miamala ya simu ya mwombaji na kumpa alama kwa muda mfupi tu. Sisi wajumbe tuliozoea kubishana hadi jua kuzama tulifurahi mno. Upendeleo umekwisha, tulisema. Mashine haina shemeji.

Ndipo akaja mama mmoja mshona nguo. Alikuwa mwanachama kwa miaka 12, wala hakuwahi kuchelewesha marejesho. Programu ikampa alama ya chini kabisa, nasi tukatia saini. Mimi ndiye niliyempa habari: "Mama, pole, kompyuta imekataa." Akanitazama kwa utulivu, akasema, "Samahani mzee wangu, hiyo kompyuta haiketi kwenye kamati. Nani amekataa?"

Sikuwa na jibu. Baadaye nilisikia kwamba alikopa kwa mtu wa mtaani kwa riba kubwa, akashindwa kulipa, na cherehani yake ikachukuliwa. Tulipochunguza tulikuta jambo dogo kabisa. Simu yake ilikuwa imeibwa, akawa anapokea malipo ya wateja kwa simu ya mwanawe. Mashine ilitazama namba yake, ikakuta kimya, ikauhesabu ukimya ule kuwa ufukara. Swali moja la mdomo lingetosha kumwokoa, lakini hakuna aliyeuliza, kwa kuwa kila mmoja wetu aliamini kwamba kazi ya kuuliza imekwisha kufanywa.

Ndugu msomaji, usidhani kwamba haya ni ya vyama vidogo tu. Kule Uholanzi mamlaka ya kodi ilitumia mfumo wa kompyuta kuchagua waombaji wa posho za malezi ya watoto wa kuchunguzwa zaidi, na kutokuwa raia wa nchi hiyo kulihesabiwa miongoni mwa dalili za hatari. Mfumo huo ulipokutana na sheria kali na maofisa wasiosikiliza, wazazi kwa maelfu walidaiwa fedha wasizoweza kulipa, na wengi hawakuelezwa kosa lao. Januari 2021 serikali ya Mark Rutte ilijiuzulu kwa sababu ya kashfa hiyo.

Hapa kwetu Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ambayo imegusa pia haki za mtu anayeamuliwa jambo na mitambo peke yake. Ni hatua njema. Lakini sheria haiketi nasi mezani siku ya kikao. Kila ofisi haina budi kujiwekea utaratibu wake.

Wetu tuliuandika kwenye daftari la kumbukumbu. Mashine itashauri, haitakataa. Mwanachama anayenyimwa mkopo ataelezwa sababu kwa maneno yanayoeleweka, na mtu mwenye jina. Akipinga, shauri lake litasikilizwa upya na mjumbe mwingine. Taarifa za wanachama hazitaingizwa katika programu yoyote ambayo chama hakijaikagua. Na asiyeweza kueleza uamuzi asiutie saini.

Wapo waliolalamika kwamba tunarudisha ucheleweshaji. Ni kweli, vikao vimekuwa virefu tena. Programu bado tunaitumia, maana hesabu inajua kuliko sisi. Ila aibu haijui, nayo aibu ina kazi yake katika uongozi.

Nilikwenda kumwomba radhi yule mama. Alinikaribisha vizuri, akanipa chai, na baadaye kamati ilimpa mkopo wake. Cherehani ile ya zamani, aliyoachiwa na mama yake, haikupatikana. Hakunilaumu hata kwa neno moja. Lakini kila ninaposhika kalamu kwenye kikao, swali lake hunijia kabla ya wino kugusa karatasi, nami hujijibu kimoyomoyo: ni mimi.