Mangelepa, mara ya pili

Nikisema nafanya kazi Kinama, watu wa mashirika huniuliza: Kinama gani? Maana iko kambi ya Kinama kule Gasorwe, upande wa Muyinga, na iko Kinama yetu hii, mtaa wa kaskazini mwa Bujumbura, ambako sisi wakimbizi wa mjini tunakaa vyumba vya kupanga, jirani na Warundi, tukinunua ndagala kwenye soko moja. Mimi ni wa Kinama ya Bujumbura. Nataka kuwaelezea habari ya albamu moja na fundi redio mmoja. Jina lake sitalitaja. Mtaa mzima unamwita Fundi, na hiyo inatosha.

Kibanda chake kilikuwa kimeegemea ukuta wa klabu yetu ya vijana. Alitengeneza redio, simu, pasi za umeme na bafle za makanisa. Jumamosi jioni, kazi ikipungua, wazee wawili walikuja kukaa naye: mmoja mshona nguo kutoka Fizi, mwingine mwalimu mstaafu kutoka Uvira. Kilichowakutanisha ni Mangelepa.

Kwa wadogo zangu ambao hamuwajui: Les Mangelepa ni bendi ya Wakongomani iliyozaliwa Nairobi mwaka 1976, pale wanamuziki kadhaa walipomwacha bosi wao Baba Gaston wakaanza kujitegemea. Walikuwa wageni katika mji wa watu, kama sisi, lakini nyimbo zao kama Nyako Konya, Maindusa na Embakasi zilivuka mipaka. Embakasi ndilo jina la uwanja wa ndege wa Nairobi kabla haujaitwa Jomo Kenyatta, na wimbo wenyewe ni wa mtu anayemsindikiza mpenzi wake kupanda ndege.

Fundi alikuwa utingo wa lori miaka ile. Alifika Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1980, akawaona kwa macho yake, na tangu siku hiyo hajaacha kuwaambia watu. "Tarumbeta ikianza," anasema, "mutu ulikuwa unasahau kama uko na deni."

Mambo hayakubaki hivyo. Katikati ya miaka ya 1980 Kenya ilibana vibali vya kazi vya wanamuziki wa kigeni. Super Mazembe, bendi nyingine kubwa ya Wakongomani pale Nairobi, ilivunjika. Mangelepa nao waliyumba, na miaka ilivyoenda baadhi yao wakafariki, lakini jina halikufa. Kisha, zaidi ya miaka arobaini tangu waanze, waliobaki walirekodi albamu na Ketebul Music ya Nairobi. Waliiita Last Band Standing, yaani bendi ya mwisho ambayo bado imesimama.

Kwetu Kinama albamu hiyo ilifika mwaka 2018 ndani ya flash, imeletwa na mpwa wa mwalimu aliyekuwa anatoka Nairobi. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, bado niko sekondari, nimekuja tu kuchaji simu. Siku hiyo Fundi alifunga kazi saa kumi. Alipangusa bafle kwa kitambaa kana kwamba wanamuziki wenyewe watakuja kuikalia. Mshona nguo alivaa shati la harusi. Ilikuwa sherehe kabisa.

Wimbo wa kwanza, kimya. Wa pili, mshona nguo akaanza kutazama viatu vyake. Katikati ya wa tatu akasema neno moja: "Bamezeeka."

"Sauti zimekwisha," mwalimu akaongeza. "Na gitaa ni safi sana. Mangelepa haikuwaka safi hivi. Ilikuwaka na vumbi."

Fundi hakusema kitu. Alichomoa flash akaweka kaseti yake ya zamani, ile yenye mikwaruzo, na wote watatu wakatabasamu kama watu waliorudi nyumbani. Mimi nilicheka sana. Miaka yote walikuwa wanawalilia wazee hao warudi, na waliporudi wamesikilizwa dakika kumi na mbili.

Hukumu ikabaki hiyo kwa miaka saba. Iligeuka hata msemo wa mtaa. Mchezaji mpira aliyevunjika goti akirudi uwanjani mzito, watu wanasema: amerudi kama Mangelepa. Na mimi niliutumia. Kuna msichana wa klabu yetu alienda kufanya kazi za nyumbani Omani, akarudi amekonda, haongei, haimbi tena kama zamani. Nilisema mbele ya wenzake, nikidhani ni utani: "Huyu naye amerudi kama Mangelepa." Walicheka wote. Yeye pia alicheka, kisha hakuja klabu karibu mwezi mzima.

Mwaka 2024 nilikuwa nimeshakuwa mfanyakazi wa klabu ile ile. Fundi na familia yake walikuwa kwenye mpango wa kuhamishiwa Marekani tangu mimi niko shule: mahojiano, alama za vidole, hospitali, mahojiano tena. Ninyi mlioko kambini mnajua njia hiyo. Mwisho wa mwaka wakapewa tarehe ya ndege, mwezi wa pili 2025. Tulimpongeza. Akaanza kuuza vitu: magodoro, meza, sufuria kubwa, mwishowe kibanda.

Klabu ilikuwa na pesa kidogo ya vifaa vya ufundi, na pesa hiyo ilipaswa kwisha kabla ya tarehe 31 Desemba. Nilimwendea. Nikamwambia: "Fundi, hivi vyuma utavibeba vya nini? Kule viko vipya. Tuuzie sisi." Akaniuzia chuma chake cha kuchomea risasi, mita ya kupimia umeme, bisibisi kumi na moja na sanduku la vipuri, vyote kwa bei ya kuaga. Nilijua ni bei ya kuaga. Kwenye ripoti niliandika kwamba vifaa vimepatikana kwa gharama nafuu, na nikasifiwa.

Mwezi wa kwanza Marekani ikasimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi. Tarehe ya ndege ya Fundi ikawa karatasi tu. Muda si mrefu watu wakaanza kuvuka Rusizi kwa maelfu kutoka Kivu, uwanja wa mpira wa Rugombo ukajaa, na sisi vijana wa klabu tukaenda kusaidia kwa watoto. Nasema hivyo kama sababu, ila ni kisingizio pia. Nilipokuwa Kinama nilikuwa napita mbele ya kile kibanda, ambacho sasa mtu mwingine anauzia makaa, na nilikuwa napita haraka.

Mwezi wa tano bafle yetu ilikufa, siku mbili kabla ya mashindano ya kucheza. Hatukuwa na pesa ya fundi mwingine. Nilituma kijana amwite Fundi, maana mimi mwenyewe niliona aibu. Alikuja na wale wazee wawili nyuma yake, polepole, kama watu wanaokwenda kwenye msiba. Nikafungua kabati. Akatoa chuma chake mwenyewe, akakipima mkononi, hakunitazama. Kazi haikuchukua hata saa moja.

Alihitaji muziki wa kujaribia. Akatoa flash kwenye mfuko wa shati. Nilidhani ataweka nyimbo za kaseti, maana alikuwa amezihamishia humo. Akaweka ile albamu.

Kijana mmoja akauliza: "Si hawa wa Kasongo?" Maana mwisho wa 2024 vijana wa Kenya walikuwa wameirudisha Kasongo mitandaoni kwa utani wa siasa, na hata watoto wa Kinama walikuwa wanaiimba. Mwalimu akamsahihisha: Kasongo ni ya Super Mazembe, hawa ni Mangelepa. "Lakini umekaribia," akasema. "Walikuwa mji mmoja, na shida moja ya karatasi."

Safari hii hakuna aliyechomoa flash. Tulisikiliza mpaka mwisho, vijana wakiwa wamekaa juu ya meza ya ping-pong, wazee kwenye benchi. Baadaye wakaanza kubishana, na ndipo nikajifunza kitu.

Mwalimu alianza. Alisema mwaka 2018 alikuwa anasubiri sauti moja iruke mbele kama zamani, na haikuruka, akaudhika. Sasa amesikia kingine. "Zamani kila mmoja alikuwa anakimbilia mikrofoni. Sasa wanangojana. Huyu akiishiwa pumzi, yule anampokea. Vumbi nililokuwa natafuta halikuwa la Mangelepa, lilikuwa la kaseti yetu."

Mshona nguo hakukubali. "Miye bado. Sauti ikiisha imeisha, mutu aseme ukweli. Na juu ya nini kurudilia nyimbo za zamani? Bamefukuzwa, bamefiwa, bamezeeka, bangetuimbia hayo. Nani ataimba hayo kama si bao?"

Nilifikiri ana haki, na bado nafikiri hivyo. Si lazima tupende kitu kwa kuwa waliokifanya wameteseka. Hilo hata mashirika yanapaswa kulijua: tukionyesha michoro ya vijana wetu, tunataka mtu atuambie pia ule mchoro mbaya.

Fundi alikaa kimya muda mrefu. Kisha akachukua simu ya kijana, akatafuta video ya wale wazee wakipiga Embakasi jukwaani, akaitazama yote. Akasema: "Nilikuwa na miaka ishirini na mbili nilipocheza huu wimbo. Nilikuwa nauimba na najiona miye njo niko napanda ndege. Miaka yote. Kumbe unaimbwa na yule anayebaki chini."

Hakuna aliyejibu. Mshona nguo akamshika bega.

Fundi akaendelea: "Ile siku ya kwanza nilitaka wanirudishie ile ishirini na mbili yangu. Hawakuja nayo. Wangeitoa wapi? Wamekuja na sabini yao. Sikuwa na sikio la kuisikia, nilikuwa nafikiri naenda."

Usiku nilirudi nyumbani nikaisikiliza peke yangu kwa simu. Sitasema nimekuwa shabiki mkubwa. Kuna nyimbo mbili narukia. Lakini zile tarumbeta, nilizoziita za wazee, nilizisikia vizuri safari hii: watu wanaojua kazi yao, hawana haraka, hawaombi radhi kwa umri wao. Sisi ndio tuliowadai warudi kama walivyoondoka. Na kwa kipimo hicho hicho nilimpima yule msichana wa Omani. Asubuhi nilimwandikia ujumbe. Alijibu siku tatu baadaye, maneno mawili: "Nilisikia, dada." Sijui maana yake ni kwamba amesamehe au la. Anakuja klabu Jumatano, anakaa nyuma, anafundisha wadogo kusuka.

Ilibaki habari ya vyuma. Niliandika kwa wakubwa wa mradi nikaeleza yote, pamoja na ile bei. Jibu lilikuwa la heshima: vifaa vimeshaandikwa mali ya mradi, haviwezi kurudishwa kwa mtu binafsi, ila Fundi anaweza kulipwa kidogo afundishe vijana siku mbili kwa wiki. Alikubali. Jumanne na Alhamisi vijana tisa wanajifunza kufungua redio bila kuivunja. Anawawekea Mangelepa, ya zamani na mpya, na kuwauliza wanasikia tofauti gani. Wengi wanapenda mpya, kwa sababu simu zao zinaitoa vizuri. Mshona nguo anakuja makusudi kuwapinga.

Lakini wiki ina siku saba. Siku zile tano nyingine vyuma vilikuwa vinalala ndani ya kabati, kufuli imefungwa, na mwenye mkono wa kuvitumia amekaa nje kwenye benchi akiangalia watu wanapeleka redio zao kwa mafundi wa mtaa mwingine.

Wiki iliyopita nilichonga ufunguo wa pili wa kabati kwa pesa yangu, nikampa Fundi. Hilo halimo kwenye ripoti yoyote. Wasomaji wetu wa mashirika, sasa mnalijua. Mkitaka kuniita, niko Kinama. Ile ya Bujumbura.