Moyo Ukipiga Ovyo, Tuseme Saa ya Kweli

Juma hili tuongee juu ya moyo unaopiga ovyo, mara mbio, mara polepole. Wengi wetu tunasema ni uchovu au mawazo mengi. Pengine ni ugonjwa. Vyumba vya juu vya moyo vinatetemeka badala ya kusukuma damu, damu inakaa humo na kuganda. Donge hilo likifika kwenye ubongo, mtu anapooza.

Nilimsindikiza mama mkwe wangu, mwenye miaka 70, kwenye chumba cha dharura cha hospitali moja hapa Lubumbashi. Mashine ikachora mapigo yake kwenye karatasi. Kisha munganga kijana akafungua simu yake. Ndani mlikuwa na programu ya kumsaidia kuamua: anatia majibu ya mgonjwa, nayo inahesabu hatari.

"Ilianza lini?" akauliza. Shemeji yangu akajibu haraka: "Asubuhi hii." Aliogopa watugombeze kwa kuchelewa. Mama mkwe akainua mkono: "Hapana, mwanangu. Ni tangu siku ya posho." Na sisi tulikuwa siku ya pili.

Jibu hilo lilibadilisha matibabu. Ugonjwa ukiwa umeanza karibuni, munganga anaweza kuurudisha moyo kwenye mpango wake kwa dawa au kwa umeme. Muda ukiwa umepita, donge linaweza kuwa limo tayari, na kuurudisha moyo ghafla kunaweza kulipeleka kwenye ubongo. Zamani mpaka ulikuwa saa 48. Mwongozo wa Ulaya wa 2024 umeushusha mpaka saa 24. Kwa hiyo, mgonjwa asipokuwa karibu kuzimia, wanapunguza kwanza mbio za moyo na kutoa dawa ya kuzuia damu kuganda. Ndivyo walivyomfanyia mama yetu.

Halafu ikafuata hesabu ya alama. Tansio ni 1, ugonjwa wa sukari 1, moyo dhaifu 1, ugonjwa wa mishipa ya damu 1, miaka 65 mpaka 74 ni 1, kuanzia 75 ni 2, aliyewahi kupooza kwa sababu ya donge la damu ni 2. Zamani kuwa mwanamke tu kulikupa 1. Mwongozo ule wa 2024 umeiondoa. Mama mkwe, kwa tansio na miaka yake, alipata 2, na hiyo inatosha kumpa dawa.

Lakini wamama vijana, sikieni. Kuna moyo ulioharibika tangu utoto, baada ya maumivu ya koo yasiyotibiwa. Mlango mmoja wa moyo unakaza. Hesabu ile haikutengenezwa kwa wagonjwa hao: wao wanahitaji dawa hata wakiwa na alama 0. Utafiti uliotangazwa mwaka 2022, uliofanywa katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini, ulifuata watu zaidi ya 4,500 wenye ugonjwa huo, na karibu robo tatu walikuwa wanawake. Dawa za zamani, kama warfarini, ziliokoa maisha zaidi kuliko dawa mpya. Warfarini inadai kupimwa damu mara kwa mara, na inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Ukiwa na mimba, au ukidhani unayo, sema mbele ya yote.

Simu ya munganga haijui kitu ambacho sisi hatukusema. Basi kila nyumba iwe na daftari moja: magonjwa ya kila mtu, dawa anazokunywa, hata zile za mizizi, na fishi za zamani. Moyo ukianza kupiga ovyo, tazama saa, andika, nenda hospitali siku ile ile. Na kama umechelewa, sema umechelewa. Heri kugombezwa kuliko kupooza.